Hesabu ya Tajiri na Hesabu ya Fizikia

Kila inapotokea ajali barabarani, husikika kauli ileile: "Ajali haina kinga." Kauli hiyo imetufariji vya kutosha. Wakati umefika wa kuihoji kwa kanuni ambayo wengi wetu tuliikariri sekondari, tukaijibia mtihani, kisha tukaisahau: nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa kasi.

Tuchukue daladala yenye uzito wa tani 5 pamoja na abiria wake. Ikienda kilomita 50 kwa saa, yaani takriban mita 13.9 kwa sekunde, hubeba nishati ya jouli 482,000 hivi. Dereva akiongeza "kidogo tu" hadi kilomita 70, nishati hufikia jouli 945,000. Kasi imepanda kwa asilimia 40, lakini nishati imekaribia kuwa maradufu. Umbali ambao breki zinahitaji ili kulisimamisha gari nao hukaribia kuwa maradufu. Kugonga ukuta kwa kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10. Kwa kilomita 70, ni mita 19. Nani atathubutu kuiita tofauti hiyo kidogo?

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Dereva anakijua. Lakini anaijua pia hesabu nyingine: hesabu ya tajiri. Hukabidhiwa gari alfajiri, na jioni sharti apeleke kiasi kilichopangwa, abiria wawepo wasiwepo. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho ujira wake na wa konda. Dakika iliyopotea kwenye foleni ni hasara yake, si ya tajiri.

Wapo watakaosema kwamba madereva ni wahuni tu. Wahuni wapo, kama walivyo katika kila kazi. Hata hivyo, mfumo unaomlipa mtu kwa kukimbia hauwezi kushangaa anapokimbia. Tukimtoza faini dereva peke yake, faini hiyo huwa gharama nyingine ya kufidiwa kwa mwendo katika safari inayofuata.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandaa kanuni na kutoa leseni za usafirishaji, anzeni na mkataba wa maandishi na mshahara kwa kila dereva na konda. Mmiliki asiyeonyesha mkataba huo asipewe leseni. Gari lake likikamatwa kwa mwendo wa kupindukia, naye aitwe ajibu. Nanyi wanafunzi, mkiulizwa kanuni hii ina kazi gani nje ya chumba cha mtihani, onyesheni kivuko cha watembea kwa miguu kilicho mbele ya shule iliyo karibu nanyi.