Ilitoka Wapi, Imekwenda Wapi?

Muulize mwanafunzi wa darasa la sita nishati ni nini, atakujibu kabla hujamaliza swali: nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Mwambie ataje aina zake, atazitiririsha bila kumeza mate: joto, mwanga, sauti, umeme, mwendo, kemikali. Sasa mpe manati. Avute mpira mpaka mwisho lakini asiachie, kisha uliulize darasa nishati iko wapi wakati huo ambao hakuna kitu kinachotembea. Mmoja atasema haipo, maana jiwe halijaruka. Mwingine atasema iko ndani ya jiwe. Wa tatu atauliza: "Mwalimu, kwani si ilikuwa kwenye mkono wake?"

Toleo hili tumelitoa kwa ajili ya huyo wa tatu. Hoja yetu ni kwamba somo la nishati katika shule zetu za msingi limegeuzwa kuwa somo la kutaja, wakati kwa asili yake ni somo la kufuatilia. Mtoto anaweza kukariri aina zote na asijue hata moja iligeukaje kuwa nyingine, na mtihani ukampa alama zote. Maswali mawili yakiulizwa kila kipindi yanatosha kulirudisha somo kwenye njia yake: ilitoka wapi, na imekwenda wapi?

Lawama hii si ngeni, wala si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1966 mwanafizikia Richard Feynman, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepata Tuzo ya Nobel, alizungumza na walimu wa sayansi wa Marekani akakishambulia kitabu cha darasa la kwanza. Kitabu kilikuwa na picha ya mbwa wa kuchezea, wa kutiwa ufunguo, na swali: nini kinamfanya atembee? Jibu lililotakiwa ni nishati. Feynman alisema mtoto akilijibu hivyo hajajifunza lolote. Heri umfungue huyo mbwa, watoto waione springi na meno ya gurudumu. Kisha waulizwe nani aliikaza springi, mkazaji alipata wapi nguvu, chakula chake kiliota kwa nini, mpaka wafike kwenye jua. Hiyo ndiyo safari tunayoisema.

Kwetu hatuhitaji mbwa wa springi. Tuna baiskeli yenye dainamo. Mwalimu aipindue baiskeli juu chini uwanjani, mtoto mmoja azungushe pedeli kwa mkono. Gurudumu linazunguka kwa ulaini. Sasa dainamo ibanwe kwenye tairi. Taa inawaka, darasa linapiga kelele, lakini mtu wa kuhojiwa ni yule aliyeshika pedeli, kwa sababu yeye amehisi kitu ambacho wenzake hawakukiona: pedeli zimekuwa nzito. Kila mtoto apewe zamu ahisi kwa mkono wake. Akichomoa waya wa balbu huku dainamo bado imebanwa, pedeli zitalegea kiasi. Akiurudisha, uzito unarudi. Mwanga haukuja bure. Kuna mtu anaulipia kwa misuli yake, na misuli imelipiwa na ugali wa jana.

Hapo walimu waliozoea orodha watashangaa jinsi aina zote zinavyojipanga zenyewe. Ugali ulikuwa na nishati ya kemikali. Mkono ukaigeuza kuwa mwendo, dainamo ikaugeuza mwendo kuwa umeme, balbu ikatoa mwanga. Gusa dainamo na mahali inaposuguana na tairi: pana joto. Tega sikio: pana mvumo. Hivyo nishati yote haikufika kwenye taa. Sehemu yake ilichepuka njiani ikawa joto na sauti. Dainamo ya kawaida ya baiskeli hutoa wati 3 hivi. Pasi ya umeme ya nyumbani huhitaji wati 1,000. Waache watoto wapige hesabu wenyewe ni waendesha baiskeli wangapi wanahitajika kunyoosha shati moja. Wakipata zaidi ya 300, hakuna atakayehitaji kukumbushwa tena kwamba umeme una thamani.

Ufuatiliaji huu unaondoa pia mkanganyiko ambao kila msahihishaji wa mitihani anaujua: kuchanganya aina za nishati na vyanzo vyake. Mtoto anaandika kwamba jua, umeme, kuni, joto na upepo ni aina tano za nishati, nasi tunamkata alama bila kumwonyesha tofauti. Tofauti haikai kichwani kwa kukaririshwa safu mbili ubaoni. Inakaa mtoto anapofuata safari nzima, mathalani ya umeme wa Mto Rufiji. Jua linapasha bahari na ardhi, mvuke unapanda, mvua inanyesha nyanda za juu, Kilombero na Ruaha Mkuu zinashusha maji. Maji yanazuiwa nyuma ya ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere wenye kimo cha meta 131. Yakiwa yametulia pale juu yana nishati tuli, sawasawa na mpira wa manati uliovutwa. Yakishuka yanapata mwendo, yanazungusha mitambo tisa yenye uwezo wa jumla wa megawati 2,115, na ndipo umeme unapopatikana. Mto ni chanzo. Umeme ni sura iliyochukuliwa na nishati ya mto huo ili iweze kusafiri kwenye waya hadi Dodoma au Arusha.

Mtoto akizoea kurudi nyuma hivi atagundua kwamba karibu kila njia inamfikisha kwenye jua: kuni, mkaa, upepo, mafuta, gesi ya Songo Songo, hata mbio zake mwenyewe za kuwahi namba. Hapo mwalimu asifunge mjadala. Aseme neno "karibu" kwa mkazo, na awape kazi ya nyumbani watafute isiyotoka juani. Watakaofika Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, ambako umeme wa mvuke wa ardhini unazalishwa tangu 1981, watakuwa wamekamata jambo kubwa kuliko ufafanuzi wowote wa daftarini.

Kuna mahali pengine tunapowakoroga watoto bila kujua. Leo tunawafundisha kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika tu kutoka aina moja kwenda nyingine. Kesho tunawaambia wazime taa wasipoteze nishati. Mtoto makini atanyoosha kidole: kama haipotei, tunaokoa nini? Swali hilo halipaswi kujibiwa kwa "kaa chini". Ndilo swali bora kuliko yote katika mada nzima, na jibu lake linaingia akilini mwa mtoto wa miaka 11. Nishati inafanana na fedha kwenye daftari la mwenye duka: kila kilichoingia kina mahali kilipotokea, na jumla za pande mbili lazima zilingane. Lakini nishati inayoishia kuwa uvuguvugu uliosambaa hewani, ingawa ipo na inahesabika, hatuwezi tena kuikusanya itupikie chai. Tunachookoa ni ile ambayo bado inatumika.

Aliyeleta ushahidi wa hesabu hizo kulingana alikuwa Mwingereza James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, katika miaka ya 1840. Alifunga vizito kwenye kamba, vikawa vinashuka huku vikizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, naye akasoma kipimajoto. Maji yalipata joto kidogo mno, lakini kila mara kwa kiasi kilichoendana na kazi ya vizito. Kipimo cha nishati kinaitwa jouli kwa heshima yake. Watoto wetu wanaweza kuonja ugunduzi huo kwa kusugua viganja. Wanaweza pia kuuona ukubwa wake kwa hesabu moja: kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi kunahitaji jouli 336,000 hivi. Nishati hiyo ingetosha kumnyanyua mtoto wa kilo 30 wima zaidi ya kilomita moja angani. Ndiyo maana jikoni kunatafuna kuni kiasi kile.

Na jikoni kwenyewe hatuna haja ya kwenda mbali. Shule nyingi zinapika uji au makande kwa kuni kwenye mafiga, hatua chache kutoka darasani, na hakuna anayepeleka watoto pale kujifunza. Wangeona ndimi za moto zikipita pembeni mwa sufuria, mawe yakifyonza joto, na moshi mweusi ambao wenyewe ni kuni ambazo hazikuungua sawasawa, zikiruka na nishati yake. Sehemu kubwa ya joto la mafiga haifiki kwenye chakula. Jaribio ni rahisi: sufuria mbili zinazolingana, maji sawa, kuni zilizopimwa kwenye mizani ya dukani, moja ina mfuniko na nyingine haina. Mpishi asimamie moto, watoto waandike dakika na uzito wa kuni zilizobaki.

Jaribio hilo lina uzito wa kitaifa. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100, zikiwamo shule, ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi mwishoni mwa kipindi hicho. Mtoto aliye darasa la nne leo ndiye atakayeamua mwaka 2034 anunue jiko gani. Bango la ukutani halitamshawishi kama hesabu aliyoifanya mwenyewe.

Tunajua tutakachoambiwa. Darasa lina watoto 90, maabara hakuna, silabasi ni ndefu na mtihani wa darasa la saba unauliza zaidi kwa maswali ya kuchagua. Kuhusu vifaa, hakuna tulichokitaja hapa kisichopatikana kijijini: manati, baiskeli, sufuria, viganja. Ongeza betri za redio ambazo wazee huzianika juani. Watoto wengi huamini jua linazijaza upya, kumbe joto huamsha tu mabadiliko ya kemikali yaliyokuwa yamezorota, na kile kidogo kilichobaki kikatoka. Onyo moja tu: majaribio ya umeme yaishie kwenye betri na dainamo, soketi ya ukutani isiguswe.

Kuhusu wingi wa watoto, tunakubali kwamba ni kikwazo cha kweli, na hakuna mbinu ya kufundishia itakayofuta upungufu wa madarasa na walimu. Lakini dainamo moja inaweza kuzunguka makundi kumi katika vipindi viwili, wakati orodha ya ubaoni inanakiliwa na wote 90 bila kumgusa hata mmoja. Na kuhusu mtihani, swali la kuchagua halikatazi kufikiri. Badala ya kuuliza ipi kati ya hizi si aina ya nishati, mtungaji anaweza kuandika: taa ya baiskeli inawaka, kabla ya kuwa umeme, nishati ya mwanga huo ilikuwa (A) sauti, (B) mwendo, (C) joto, (D) sumaku. Usahihishaji ni uleule. Kinachopimwa ni kingine kabisa.

Tusisahau pia kwamba maswali ya watoto yana historia katika nchi hii. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliwahisha maziwa yake ya aisikrimu kwenye friza yakiwa bado moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka, Osborne alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, na kama hutokea, kwa nini. Joto la maziwa lilikwenda wapi, na kwa njia gani? Ni swali letu lilelile. Mpemba alilipata kwa kutazama, na karibu lizimwe darasani.

Kurasa zinazofuata zina mipango ya vipindi iliyoandikwa na walimu wa darasa la tatu hadi la saba, mifano ya maswali ya mtihani, na mjadala juu ya mafunzo ya walimu kazini. Tumeweka mkazo kwenye shule ya msingi kwa sababu iliyo wazi: shule nyingi za umma nchini zinamfundisha mtoto sayansi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, na hapo anaweza kubisha, kukosoa na kukisia kwa lugha anayoimudu. Akiingia kidato cha kwanza lugha inabadilika, na wengi hunyamaza miezi kadhaa. Mazoea ya kufuatilia lazima yawe yameshajengeka kabla ya hapo.

Ombi letu kwa walimu ni kipindi kimoja cha majaribio muhula huu, bila orodha ubaoni, kwa maswali yale mawili tu. Ombi letu kwa watunga mitihani ni gumu zaidi, maana wao ndio wanaoamua mwalimu afundishe nini hata kama hawajawahi kuingia darasani kwake: futeni swali la kutaja aina za nishati. Likiondoka kwenye karatasi ya mtihani, litaondoka ubaoni mwaka unaofuata.