Tuvijue Vifaa Kabla ya Kuteremka Majini

Kila bahari inapotulia, boti za kuzamia hung'oa nanga Nungwi, Kendwa na Matemwe kuwapeleka wageni Mnemba. Na huko Pemba huelekea Misali na penye miamba ya Mkondo wa Pemba. Wengi wa wageni hao huazima vifaa vya kituo. Lakini wapo wanaokuja na vifaa vyao wenyewe, na baadhi yake havifanani na vile walivyofundishiwa vijana wetu wanaowaongoza. Je, wakataliwe, au waachwe wazame wapendavyo? Kwa maoni yetu, njia zote mbili si sahihi.

Kifaa tunachokizungumzia ni kile kimwezeshacho mzamiaji kuelea, kushuka au kutulia katikati ya maji. Kilichozoeleka ni jaketi lisilo na mikono, ambalo hutiwa hewa kutoka katika mtungi uliofungwa mgongoni. Aina ya pili ni bamba la chuma linalovaliwa mgongoni kwa mkanda mmoja mrefu, na nyuma yake mfuko wa hewa uitwao bawa. Aina ya tatu huiweka mitungi miwili ubavuni, mmoja kila upande, na mgongoni pasiwe na mtungi.

Vifaa hivi si mapambo. Vilikuzwa na watu waliozamia katika mapango yaliyojaa maji, huko Uingereza na katika jimbo la Florida nchini Marekani. Aliyevizoea hulala sawasawa majini kama samaki, na miguu yake huwa mbali na matumbawe. Kwa visiwa ambavyo wavuvi wake hutegemea matumbawe hayo hayo, hiyo si faida ndogo. Kumkataa mgeni kwa kuwa tu kifaa chake ni kigeni machoni petu ni kuifukuza riziki mlangoni.

Hatari iko kwingine. Huja pale mgeni anapopatwa na dhiki chini ya maji, kiongozi wake akanyoosha mkono kutafuta mpira wa hewa penye bega la kushoto, asiukute. Kwani katika baadhi ya vifaa vya ubavuni mpira huo hutokea chini na kupita kifuani. Tena uzito unaomzamisha huenda si risasi zilizomo katika mifuko ya kuchomolewa, bali ni lile bamba lenyewe, ambalo halitupiki. Mkanda mmoja usio na vifungo vya mabegani ni vigumu kumvua mtu aliyezimia. Mara nyingi hauna budi kukatwa. Na mzamiaji mwenye mpira mrefu wa kupumulia, wa kama mita 2, kwa kawaida humpa mwenzake ule uliomo kinywani mwake, si ule wa akiba.

Bahari haimngoji mtu ajifunze. Katika kina cha mita 10 shinikizo huwa maradufu ya lile la juu ya maji, na hewa iliyotiwa katika bawa juu ya maji hubanwa ikabaki nusu ya ukubwa wake. Kwa hiyo anayezama huzidi kuzama. Penye kuta za Mkondo wa Pemba, ambako kina hufikia mamia ya mita, hakuna mchanga wa karibu wa kumpokea.

Tunapendekeza, basi, kwamba kabla ya boti kuondoka, mgeni mwenye kifaa kisichozoeleka aulizwe mambo manne mbele ya kiongozi wake na mabaharia: hewa hutiwa na kutolewa wapi, uzito uko wapi, hewa ya kumsaidia mwenzake ni ipi, na kifaa huvuliwaje. Kisha ajaribiwe katika maji mafupi. Kila boti iwe na mkasi imara wa kukatia mikanda, na mabaharia wazoezwe kupokea mitungi ya ubavuni na mabamba mazito bila ya kuumia wala kumuumiza mgeni. Asiyeweza kuyajibu maswali hayo apewe jaketi la kituo.

Mafunzo haya yana gharama, na haifai gharama hiyo kumwangukia kijana wa Nungwi au wa Mkoani anayelipwa ujira wa siku. Wenye vituo ndio wapatao faida. Wao ndio wagharimie. Kwa upande wa Serikali, tunaziomba Kamisheni ya Utalii na Mamlaka ya Usafiri Baharini zikutane na wenye vituo na viongozi wa wazamiaji, zitoe mwongozo mfupi wa Kiswahili, kisha zihakikishe kuwa unafuatwa botini, si kutundikwa ukutani.

Visiwa hivi havihitaji kukumbushwa thamani ya ukaguzi. Tulizika ndugu zetu Septemba 2011, baada ya MV Spice Islander kuzama ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona ikiwa mgeni atarudishwa pwani akiwa maiti, na kijana wetu aliyemfuata kilindini kumwokoa asirudi kabisa. Maswali manne na dakika chache ufukweni si mzigo mkubwa. Wahusika waanze sasa.