Mhafidhina Aliyeacha Kazi kwa Ajili ya Habari Moja



Leo tunakuletea habari za mtu ambaye ukimtazama harakaharaka utasema huyu si wetu hata kidogo. Ni Mwingereza aliyesoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Ni mhafidhina, na hafichi. Riziki yake kwa miaka mingi aliitafuta kwenye magazeti ambayo wengi wetu tukiyasikia tu tunakunja uso: The Spectator, Daily Mail, Daily Telegraph. Mwaka 2016 aliunga mkono Uingereza itoke Umoja wa Ulaya. Si Muislamu. Jina lake ni Peter Oborne, amezaliwa mwaka 1957, na ni mmoja wa wachambuzi wa siasa wanaojulikana sana kwao.

Mbona tunamleta hapa? Kwa sababu vijana wengi tuna tabia mbili mbaya. Ya kwanza, mtu akishabandikwa jina la "mrengo wa kulia" hatumsomi tena, tumemaliza naye. Ya pili ni kinyume chake: mtu wa nje akisema neno moja zuri kutuhusu tunampandisha juu ya mnara, tunasambaza video yake mpaka simu zinajaa, wala hatuulizi huyu ni nani na analisema hilo kwa sababu gani. Maisha ya kazi ya Oborne yanazikosoa tabia zote mbili.

Hebu tuanze na mpira, maana hapo wote tunaelewana.

Mwezi wa Aprili 2004, mamia ya polisi walivamia nyumba kadhaa Manchester na sehemu nyingine za Uingereza. Watu kumi wakakamatwa, wengi wao Wakurdi wa Iraq na watu wa Afrika Kaskazini. Magazeti yakapiga kelele kwamba magaidi walikuwa wamepanga kulipua uwanja wa Old Trafford siku ya mechi. Nchi nzima ikashtuka. Siku chache baadaye wote wakaachiwa, na hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa mashtaka ya ugaidi. Na ule "ushahidi" wa uwanjani ulikuwa nini? Vipande vya tiketi za mechi iliyokwisha kuchezwa. Walikuwa mashabiki wa Manchester United, wameviweka kama kumbukumbu. Basi!

Kelele zilikuwa za ukurasa wa kwanza. Ukweli ulipokuja, ulikuja kimya kimya. Oborne, wakati huo mhariri wa siasa wa The Spectator, alikuwa miongoni mwa wachache waliorudi nyuma kuuliza habari ile ilitoka wapi na nani aliipenyeza. Mwaka 2006 akachapisha kijitabu kuhusu namna serikali na vyombo vya habari walivyokuwa wakiikuza hofu ya ugaidi kwa hadithi zisizosimama. Na angalia nani alikichapisha: Centre for Policy Studies, taasisi ya utafiti ambayo Margaret Thatcher mwenyewe alikuwa mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1974. Maneno yale hayakutoka kwenye kundi la wanaharakati. Yalitoka sebuleni kwa wahafidhina.

Mwaka 2008 akaenda mbali zaidi. Akatengeneza kipindi cha televisheni cha Channel 4, na pamoja na mwenzake James Jones wakaandika kijitabu kuhusu Waislamu wa Uingereza walivyozingirwa na habari za uongo. Pamoja na kipindi hicho, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walipitia karibu habari 1,000 za magazeti ya Uingereza kuanzia mwaka 2000 hadi 2008. Takriban thuluthi mbili ya habari zilizowahusu Waislamu zilikuwa juu ya ugaidi, tofauti za dini na mila, au misimamo mikali. Yaani kwa msomaji wa kawaida, Muislamu hakuwa mwalimu, daktari wala mwenye duka. Alikuwa tatizo.

Katika kazi hiyo Oborne alichukua habari mojamoja akaifuatilia mpaka mzizi. Mfano ni ile ya Windsor. Mwaka 2006 gazeti la The Sun liliandika kwamba Waislamu wameharibu nyumba ili wanajeshi wasihamie hapo. Baadaye gazeti lenyewe likachapisha maelezo kwamba hakukuwa na ushahidi wa Waislamu kuhusika. Sasa jiulize, ni wangapi walisoma ile ya kwanza, na ni wangapi waliona masahihisho?

Hii ndiyo kazi ya mwandishi: hapigi kelele zaidi ya wenzake, anafuatilia jambo mpaka mwisho. Sisi tukidhulumiwa na kichwa cha habari tunatukana kwenye maoni, halafu tunaenda kulala. Kesho yake kichwa kile kile kimekuwa historia.

Tuje kwenye jambo lililomfanya ajulikane kote duniani. Mwaka 2010 Oborne alijiunga na Daily Telegraph akiwa mchambuzi wake mkuu wa siasa. Kwa mhafidhina Mwingereza, kazi kubwa kuliko hiyo kwenye magazeti ni chache. Mwaka 2014 akaanza kufuatilia habari ya benki ya HSBC. Waislamu na mashirika ya Kiislamu walikuwa wamepokea barua kwamba akaunti zao zinafungwa: msikiti wa Finsbury Park jijini London, shirika la misaada la Ummah Welfare Trust, na wengine. Hakuna maelezo ya maana, hakuna mahali pa kukata rufaa. Benki ilisema uamuzi wake haukutokana na dini wala rangi ya mtu. Lakini waliofungiwa walibaki gizani.

Usidhani hili ni dogo. Ukifungiwa akaunti leo, mshahara hauingii, kodi ya nyumba hailipiki, na msikiti hauwezi kulipa umeme. Hapa kwetu tunalijua. Aprili 2015, baada ya shambulio la Garissa, akaunti za MUHURI na Haki Africa zilifungwa na serikali, na ilibidi mashirika hayo yapiganie haki yao Mahakama Kuu ya Mombasa, ambayo mwaka huohuo iliamuru zifunguliwe. Wao angalau walikuwa na jaji wa kumwendea. Mteja wa HSBC alikuwa na barua tu mkononi.

Oborne aliandika habari ile, akaipeleka Telegraph. Kwa maelezo yake, kwanza aliambiwa hakuna shida. Haikutoka. Akauliza, akazungushwa. Akaambiwa kuna tatizo la kisheria. Akaenda kwa mawakili wa gazeti, nao hawakuwa na habari ya tatizo lolote. Mwishowe akaitoa kwenye tovuti ya openDemocracy. Akaanza kuchunguza gazeti lake mwenyewe, akaona kama kuna mkono unaozuia habari mbaya za HSBC, ambayo ilikuwa mtangazaji mkubwa.

Aliomba kuacha kazi, na mwanzoni alikuwa ameamua kuondoka kimya kimya. Lakini Februari 2015 zikavuja nyaraka za tawi la HSBC la Uswisi, zikionyesha jinsi matajiri walivyosaidiwa kuficha fedha wasilipe kodi. Vyombo vikubwa viliibeba habari hiyo kwa uzito. Telegraph, kwa macho ya Oborne, iliigusa kwa ncha ya kidole. Hapo uvumilivu ukaisha. Tarehe 17 Februari 2015 akachapisha barua ndefu ya kueleza kwa nini ameondoka. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: gazeti likificha habari kwa kumwogopa mtangazaji, linamlaghai msomaji aliyelinunua. Telegraph ilikana vikali, ikasema inalinda mpaka kati ya matangazo na habari. Lakini mjadala ulishafunguka, na haukufungika tena.

Tafakari hapo kidogo. Kilichoanzisha safari ya kumtoa mhafidhina huyu kwenye kiti chake kikubwa ni habari ya Waislamu waliofungiwa akaunti. Hawakuwa ndugu zake wala wapiga kura wa upande wake. Angeweza kuiacha ipite, mshahara ukaendelea kuingia, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kwa nini basi hakuiacha? Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunadhani aliwatetea Waislamu licha ya uhafidhina wake. Ukisoma vitabu vyake utaona ni kwa sababu ya uhafidhina wake. Kwa Oborne, kuwa mhafidhina ni kulinda yale yaliyojengwa kwa miaka mingi: mahakama huru, bunge lenye heshima, sheria moja kwa wote, na neno la kiongozi linaloaminika. Mwaka 2005 aliandika The Rise of Political Lying, akishambulia uongo wa kisiasa, hasa wa serikali ya Labour ya Tony Blair. Wahafidhina wakampigia makofi. Kisha wakaingia madarakani watu wa upande wake, naye akawapima kwa kipimo kile kile.

Boris Johnson alikuwa mhariri wa The Spectator wakati Oborne anafanya kazi hapo. Alikuwa bosi wake! Johnson alipokuwa Waziri Mkuu, Oborne akaanza kuorodhesha maneno yake yasiyo ya kweli, moja baada ya jingine, na mwaka 2021 akatoa kitabu, The Assault on Truth. Kabla ya hapo, mwaka 2019, alikwisha waandikia wenzake waliounga mkono Brexit kwamba wameze kiburi na wafikirie upya. Mwaka huohuo akawashutumu waandishi wakubwa wa siasa kwa kurudia minong'ono ya ofisi ya Waziri Mkuu kana kwamba ni habari. Milango ya magazeti makubwa ikaanza kufungwa. Leo anaandika zaidi Middle East Eye, na mwaka 2022 alitoa The Fate of Abraham, kitabu kinachoeleza kwa nini nchi za Magharibi zimeukosea Uislamu.

Waswahili tuna msemo: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kumpa haki mtu usiyekubaliana naye ni kazi ngumu. Oborne ametufanyia sisi. Je, sisi tunaweza kumfanyia mwingine? Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Hatukupewa ruhusa ya kuchagua ni nani wa kumfanyia.

Hatusemi umfanye Oborne shujaa asiyekosolewa. Ana maoni yake kuhusu uchumi na siasa za kwao, na mengi unaweza kuyapinga vizuri tu. Yapinge. Yeye mwenyewe amekosoa aliowaamini, na msomaji mzuri humsoma hivyo hivyo. Wala usimsubiri Mwingereza aje kukuandikia habari zako. Waislamu wa Uingereza walikuwa wakisema mambo haya kabla yake, ila hawakusikilizwa. Hilo nalo ni sehemu ya dhuluma: kwamba ilibidi mtu mwenye jina na cheo alirudie ndipo lionekane ni habari.

Sasa rudi kwako wewe unayesoma haya kwenye simu. Huenda unasomea uandishi wa habari Nairobi au Mombasa. Huenda unaendesha ukurasa wako wenye wafuasi elfu mbili. Magazeti na redio zetu pia zinaishi kwa matangazo, ya kampuni na ya serikali. Siku moja utaletewa habari ya kweli inayomgusa anayekulipa, au chama unachokipenda, au hata kiongozi wa msikiti wako. Utaambiwa ngoja kidogo, utaambiwa kuna tatizo la kisheria, utaambiwa usiwaaibishe watu wetu. Siku hiyo hakuna atakayekuuliza wewe ni mhafidhina au mwanamapinduzi. Kutakuwa na habari mezani, na mtu fulani aliyefungiwa mlango anasubiri kuona kama utaiandika.

Kabla siku hiyo haijafika, jizoeze kwa madogo. Wiki hii chukua habari moja tu iliyokukera, ya kwenu au ya kuwahusu nyinyi. Ifuatilie mpaka chanzo chake. Piga simu, omba nyaraka, uliza upande wa pili. Ukikuta ni ya uongo, andika kwa ushahidi. Ukikuta ni ya kweli na inatuuma sisi wenyewe, iandike pia.