Katikati ya Nairobi Pawe na Nafasi kwa Wote

Januari 2022, matawi ya KFC nchini Kenya yaliishiwa na vibanzi kwa sababu viazi vyake vilitoka ng'ambo na meli zilichelewa. Wakenya wengi waliuliza: na viazi vya Nyandarua je?

Hatusemi kampuni kubwa zifukuzwe mjini. Zinalipa kodi, zinaajiri vijana wetu, na wengi wetu hula humo. Tunachosema ni kwamba mizani isielemee upande mmoja. Waraka Laudato Si', namba ya 129, unafundisha kuwa serikali ina haki na wajibu wa kuwaunga mkono wazalishaji wadogo. Kwa Nairobi, maana yake ni leseni nafuu, maji safi na mahali pa kudumu kwa mama anayeuza chapati na maharagwe, badala ya kukimbizana na askari wa kaunti.

Vilabu vya usiku navyo vimo katika mizani hiyo. Mwishoni mwa 2022, Kaunti ilitangaza kuwa havitapewa leseni katika mitaa ya makazi, bali katikati ya jiji. Familia zina haki ya kulala. Lakini kuhamisha kelele si kuimaliza, na mhudumu anayetoka kazini saa tisa usiku anahitaji taa za barabarani na usafiri salama. Mwenye kilabu na Kaunti washirikiane kumhakikishia hayo.

Nasi waseminari na wanaparokia, tunapokula mjini, tukumbuke pia kibanda cha jirani.