Uvimbe wa Bandama: Tupime Kabla ya Kuhukumu

Juma hili twazungumzia bandama, au wengu, kiungo kikaacho upande wa kushoto chini ya mbavu. Bandama nzima kwa kawaida haisikiki kwa mkono. Mama amwogeshapo mwanawe akagusa kitu kigumu mahali hapo, hofu humwingia, na jamaa hugawanyika: hawa wasema ni saratani, wale wataka mtoto achomwe kwa chuma cha moto. Sisi twasema: apimwe kwanza.

Kwa walio Isiolo, kama ilivyo Marsabit na Wajir, jambo la kukumbukwa mapema ni kala-azar, maradhi yaenezwayo na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu. Dalili zake ni homa ya majuma kadhaa, kukonda, upungufu wa damu, na tumbo kuvimba kwa sababu bandama imekua. Asipotibiwa, mgonjwa hufa aghalabu. Lakini kipimo chake ni tone la damu ya kidoleni, na jibu hupatikana kabla ya nusu saa. Tiba itumikayo sana nchini Kenya ni sindano za kila siku kwa siku 17. Malaria nayo hukuza bandama, basi ipimwe pia.

Damu isipotoa jibu, hufuata picha ya ultrasaundi, ile ile wapigwayo waja wazito. Hiyo hubainisha kama bandama yote imekua, au mna uvimbe ndani yake, na kama uvimbe huo ni wa maji au wa nyama. Wa maji waweza kutokana na mayai ya tegu wa mbwa, hasa kwa wafugaji. Miongoni mwa uvimbe usio saratani, ulio mwingi ni fundo la mishipa ya damu; likiwa dogo, mara nyingi daktari huliacha, akarudia picha baada ya muda.

Wala tusimharakishe daktari achome sindano kutoa kipande. Bandama hutoka damu kwa wingi, na uvimbe wa tegu ukipasuka waweza kumwangusha mgonjwa papo hapo.

Chuma cha moto huacha kidonda juu ya ngozi na maradhi yakabaki ndani, huku siku zapotea. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na mlango wa tiba ni kuujua ugonjwa. Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu. Amin.