Miaka 18 kwa Carl Beech, na polisi je?

Asubuhi moja ya Machi 2015, askari zaidi ya 20 wa Polisi wa London waliingia katika nyumba ya mzee wa miaka 91 wakaipekua kwa saa nyingi. Mzee huyo alikuwa Lord Bramall, aliyepigana Normandy mwaka 1944 na baadaye akawa mkuu wa majeshi ya Uingereza. Mkewe, aliyekuwa mgonjwa, alifariki Julai mwaka huohuo, miezi sita kabla ya polisi kumwambia mumewe kwamba hana kesi ya kujibu.

Kilichowapeleka pale ni maneno ya mtu mmoja, Carl Beech. Aliwaeleza wapelelezi kwamba utotoni alinajisiwa na kundi la wakubwa wa nchi, na kwamba kundi hilo liliua wavulana watatu. Aliwataja waziwazi: Edward Heath, waziri mkuu wa zamani, Leon Brittan, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani, Harvey Proctor, mbunge wa zamani. Yote yalikuwa uzushi. Proctor alipoteza kazi na makazi.

Sheria ya Uingereza ina ngazi mbili. Anayewapotezea polisi muda kwa ripoti ya uongo hufungwa hadi miezi sita, lakini anayekusudia kupotosha haki anaweza kufungwa hata maisha. Julai 2019 mahakama ya Newcastle ilimtia Beech hatiani kwa makosa 12 ya kupotosha haki na moja la udanganyifu, kwani alishachukua pauni 22,000 za fidia ya waathiriwa wa uhalifu. Akapewa miaka 18. Alistahili.

Lakini uongo huo ulibebwa na wengine. Desemba 2014, uchunguzi ukiwa mchanga, ofisa wa polisi aliwatangazia waandishi wa habari kwamba maelezo ya Beech ni ya kuaminika na ya kweli. Jaji mstaafu Richard Henriques, aliyeupitia uchunguzi huo baadaye, alihesabu makosa 43 ya polisi. Hakuna ofisa aliyeadhibiwa. Hilo haliingii akilini.

Wapo wanaohofia kwamba hukumu kama hii itawafunga midomo walioumizwa kweli, na hofu yao ina msingi. Ila kukosea si kosa la jinai. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kwa mfano, kinamshika anayempa mtumishi wa umma habari anazojua au kuamini kuwa ni za uongo. Aliyechanganya tarehe, au aliyemfananisha mtu gizani kwa nia njema, hayumo. Mlalamikaji asikilizwe kwa heshima, maelezo yake yaandikwe, kisha yachunguzwe kabla ya yeyote kusimama mbele ya kamera kuyathibitisha.

Bramall aliwahi kuisikia hukumu. Alifariki Novemba 2019. Brittan alifariki Januari 2015, tuhuma zikiwa bado shingoni mwake.