Kitambulisho Kisigeuzwe Kipande

Mipaka hii hatukuichora sisi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipiga mstari kutoka pwani hadi Ziwa Nyanza, wakawagawa Wamasai, Wadigo na Wakuria pasipo kuwauliza. Hata leo mtu wa Namanga au Lunga Lunga anayekwenda kumzika shangazi yake ng'ambo hana budi kuonyesha hati.

Hatupingi hati. Twapinga hati inayogeuzwa pingu. Wazee wetu walivishwa kipande shingoni na wakoloni, na bila hicho mtu hakuweza kutoka shambani kwa bwana wake. Katika enzi ya chama kimoja pasipoti nayo ilihesabiwa kuwa fadhila ya serikali. Waliothubutu kuikosoa walinyang'anywa.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliahidi uhuru wa watu kusafiri. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kupokea vitambulisho vya taifa kwa safari baina yao. Twaipongeza hatua hiyo, kwani mchuuzi wa Busia hawezi kumudu gharama ya pasipoti.

Lakini twauliza: asiye na kitambulisho atavuka kwa kitu gani? Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walichujwa na kubebeshwa kadi ya pili. Wamakonde waliahidiwa vitambulisho mwaka 2016, baada ya kufunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi. Wapemba walingoja hadi 2023. Asiye na kadi hafungiwi mpaka peke yake; hufungiwa pia sanduku la kura. Mlango wa Kampala na mlango wa kituo cha kura hufunguliwa kwa ufunguo mmoja.

Kifungu cha 12 cha Katiba ya 2010 chatamka kwamba pasipoti na hati za utambulisho ni haki ya kila raia. Basi twadai mambo mawili: maombi yote yapimwe kwa kipimo kimoja, bila kujali jina, dini wala kabila, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, ili aweze kukata rufani.

Nanyi waumini, msingoje serikali. Hifadhini vyema madaftari ya ubatizo, na mwandamaneni na mjane na kijana hadi ofisi ya usajili. Anayekwenda peke yake huambiwa arudi kesho. Wanaokwenda wengi husikilizwa.